Kutu ya pikapu huanzia ndani

Pikapu iliyobeba samaki na mchanga hapa Unguja, usiinunue kwa kuangalia rangi. Ingia chini yake na nyundo ndogo na bisibisi, ugonge chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, pale zinaposhikwa springi za nyuma. Ikilia kwa sauti kali, chuma bado kipo. Ikilia butu, au bisibisi ikazama, kutu imekula kutoka ndani, kwa sababu mchanga wenye chumvi hukaa humo ukashika unyevu.

Kabla ya kuchomelea, toa betri na tangi la mafuta. Kata mpaka ufikie chuma king'aacho, ndipo utie kiraka: bati la milimita 1 kwa bodi, 3 kwa chesisi. Puti, ile lahamu ya kuzibia bodi, juu ya tundu ni kazi bure. Hunyonya maji na haimalizi masika.

Osha kwa maji baridi, si ya kisima chenye chumvi, maana chumvi iliyobaki huvimbisha rangi. Ikikauka, msasa namba 80, halafu 180, na praima ya epoksi (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) siku hiyo hiyo. Hewa yetu huotesha kutu usiku mmoja tu! Mwisho pulizia nta ndani ya chesisi, ukiyaacha wazi matundu ya kutolea maji.