Mtu Aliyejiita Mbwa Mfu

Wapendwa katika Bwana, wiki hii tusome kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, ya 9 na ya 19, tukimfuata Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na umri wa miaka 5 wakati habari za kifo cha baba yake na cha babu yake Sauli zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Aliumizwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akimwokoa. Wengi wetu tunaojidharau tuliumia kwa namna hiyo hiyo, kwa neno la mzazi aliyechoka au kwa jina la utani tulilobandikwa nyumbani kwa sababu ya umbo letu, na waliotuita hivyo walitupenda.

Miaka mingi baadaye Daudi aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli, apate kumtendea wema. Siba, mtumishi wa nyumba hiyo, alijibu kwamba yuko mwana wa Yonathani mwenye kilema cha miguu, jina hakulitaja. Lakini mtu huyo alipoletwa kutoka Lo-debari, mfalme alimwita kwa jina lake, akamwambia asiogope. Naye akainama, akajiita mbwa mfu.

Makanisani mwetu maneno ya jinsi hiyo husifiwa kuwa ni unyenyekevu, nami sikubali. Warumi 12:3 inatutaka tuwe na nia ya kiasi, na kiasi hukosewa pande zote mbili: kwa kujikweza na kwa kujitupa. Daudi mwenyewe, alipokuwa akiwindwa na Sauli, aliwahi kujiita mbwa mfu, kwa hiyo huenda aliyatambua maneno hayo alipoyasikia. Hata hivyo hakubishana na Mefiboshethi, wala hakumpamba kwa sifa. Alimgeukia Siba, akaagiza kwamba mashamba yote ya Sauli yawe mali ya Mefiboshethi, Siba ayalime pamoja na wanawe 15 na watumishi wake 20, na Mefiboshethi ale daima mezani pa mfalme. Yote hayo yalitokana na agano ambalo Daudi alifunga na Yonathani, na ambalo Mefiboshethi hakuchangia lolote. Ndiyo maana nina shaka na mafundisho yanayotuhimiza kujisifu kila asubuhi mbele ya kioo. Mtu aliyevunjika hujifunza thamani yake polepole, kwa kuketi kila siku mahali alipokaribishwa kwa ajili ya mwingine.

Sura ya 9 inafungwa kwa kutukumbusha kwamba miguu yote miwili ilikuwa bado na kilema. Katika sura ya 19, baada ya Siba kumsingizia kwamba alimsaliti mfalme Daudi alipoukimbia uasi wa mwanawe Absalomu, Mefiboshethi anasimama tena mbele ya mfalme aliyerudi. Anajitetea waziwazi, na anasema kwamba alitaka kutandikiwa punda aende pamoja na mfalme, kwa sababu yeye ni kiwete. Mbwa mfu hatajwi tena. Kilema kinatajwa kama jambo la kawaida, sababu tu ya kuhitaji punda. Mfalme anapoamua kwamba mashamba yagawanywe kati yake na Siba, anajibu kwamba Siba na ayatwae yote, maadamu mfalme amerudi nyumbani kwa amani.