Kwa Kadiri ya Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12–17

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Esau amekuja na watu 400, wepesi wa miguu, naye anataka msafara uondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Watoto bado ni wachanga, anasema, na mifugo inanyonyesha. Ikikimbizwa siku moja tu, itakufa yote. Bwana wangu na atangulie, mimi nitafuata polepole, "kwa kadiri ya mwendo wa watoto."

Wiki hii tunamkumbuka mzazi ambaye mtoto wake ana usonji, au hatulii darasani, au herufi zinamkataa ingawa akili anayo. Shule imeshamwita mara tatu. Mzazi huyu mara nyingi ni mtu aliyezoea kazi kumwendea vizuri. Tuseme ana kampuni ya bayoteknolojia, anazalisha miche ya migomba ya tishu kalcha, yaani inayokuzwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea. Basi kazi ya mikono yake inamhubiria kila asubuhi.

Mche wa maabara hukua ndani ya chupa, juu ya ageri, ute mzito kama jeli, wenye sukari, hewa ikiwa imejaa unyevu. Jani lake halina nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia bado havijui kujifunga. Utoe chupani asubuhi uupande shambani, saa sita umenyauka. Wala si mche mbaya. Ndiyo maana mzalishaji huosha mizizi mpaka ageri iishe, kwa kuwa sukari ikibaki huleta kuvu. Huufunika kwa nailoni na kuifunua kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kisha huuweka chini ya neti ya kivuli hadi ufike sentimita 30 hivi. Hakuna anayeukemea mche kwa kuhitaji kivuli.

Kabla ya kutafuta shule nyingine, mpeleke mtoto apimwe masikio na macho. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi, na miaka hupotea bure. Kwa walio Kenya, vituo vya EARC, vya tathmini na nyenzo za elimu, hufanya upimaji wa kielimu tangu 1984, na KISE, taasisi ya elimu maalumu, iko Kasarani, Nairobi. Usiende mikono mitupu. Nenda na daftari la wiki mbili lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, na saa pembeni. Daftari hilo hufichua mengi. Anayepiga kelele kila siku saa nne na dakika kumi huenda anaikimbia kengele ya mapumziko, siyo somo la hesabu.

Shule itembelee siku ya kawaida, wakati wa mapumziko na wa chakula, kwa sababu siku ya wazazi kila kitu hupakwa rangi. Uliza swali moja: mtoto akizidiwa, huenda wapi? Ukijibiwa kwamba hapa hatuna shida hiyo, endelea kutafuta. Uliza pia kuhusu kiboko. Sheria ya elimu ya msingi ya Kenya ya 2013 inakataza kumwadhibu mtoto kwa ukatili. Na mtoto asiyeweza kwenda na madarasa ya kawaida ana njia yake ndani ya mtaala wa umilisi (CBC), inayofuata hatua alizofikia, siyo umri wake.

Kosa linaloumiza zaidi huja baada ya shule kupatikana. Mwezi wa kwanza mtoto anapewa vyote kwa mpigo: shule mpya, sare mpya, gari jipya, mwalimu mpya wa matamshi. Siku ya nne analipuka, na hakuna ajuaye kilichomvunja ni kipi. Maabarani, mzazi yule yule hawezi kubadili homoni, mwanga na joto siku moja, maana jaribio litakuwa halisemi kitu. Nyumbani anafanya hivyo kwa sababu anaogopa. Anawaona wana wa wenzake wakienda na Esau.

Badilisha jambo moja, kisha subiri wiki mbili. Sare ifuliwe mara tano ilainike, lebo ya shingoni ikatwe, aivae nyumbani kwanza. Apelekwe shuleni Jumamosi pakiwa kimya, aone darasa, choo na mlango wa kutokea. Wiki ya kwanza akae saa moja tu, na aondolewe angali ametulia, ili arudi nyumbani na kumbukumbu ya kuondoka vizuri. Ukingoja alie ndipo umchukue, umemfundisha kwamba kulia ndiko kunakofungua geti. Ratiba iwe picha tatu, ya mwisho ikiwa ya nyumbani. Agizo liwe la maneno machache, kisha hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kulirudia, tena kwa maneno yale yale. Ukibadili maneno, kwake hilo ni agizo jipya, naye anaanza kulichambua upya.

Kanisani nako tujiangalie. Usonji si pepo. Tusimzunguke mtoto na kumwekea mikono ghafla huku tukipaza sauti; hilo humtesa, na mama yake hurudi nyumbani akidhani amelaaniwa. Bwana alikwisha kusema juu ya yule aliyezaliwa kipofu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Spika zipunguzwe, benchi la karibu na mlango liachwe kwa familia hiyo, na akitoka katikati ya mahubiri tusigeuze shingo.

Yakobo alimwambia Esau angemfuata hadi Seiri, nchi ya Esau, na hakufika. Wapo wanaomlaumu kwa neno lile, na lawama ina haki yake. Lakini someni alikosimama. Alijijengea nyumba, na wanyama wake akawafanyia vibanda vya kivuli, kwa hiyo mahali pale pakaitwa Sukothi, maana yake vibanda.