Dalali Aliyebaki Chini ya Mkorosho

Hii ni Jumamosi ya nne mfululizo tunavuka Daraja la Kigamboni kutafuta kiwanja, na ndiyo ya kwanza nimerudi nyumbani bila hasira.

Jumamosi tatu za mwanzo tulizunguka na kijana mmoja mcheshi, mwenye kufika kwa wakati, ambaye kila kiwanja chake kilikuwa na mteja mwingine anayekuja kesho na pesa taslimu. Hilo nililivumilia, maana dalali asiyeharakisha watu sijapata kumwona. Kilichonishinda ni kwamba kila nilipomsalimu jirani na kumuuliza habari za eneo, kijana alijibu kabla jirani hajafungua kinywa. Baadaye tukagundua kuwa kiwanja alichotutajia shilingi milioni 28, mwenyewe alikuwa akikiuza milioni 23. Tofauti hiyo ndiyo wanayoiita cha juu. Sina kinyongo na mtu kula jasho lake, kwani kuzunguka juani na wateja wasionunua ni kazi ngumu. Lakini ujira ukifichwa ndani ya bei, dalali hawezi kutamani nipunguziwe hata shilingi, wala hawezi kutaka nikutane na mwenye mali.

Leo tulikwenda na mzee ambaye shangazi yangu aliuza nyumba kupitia kwake. Kabla hatujaondoka alitueleza kuwa ujira wake ni asilimia 5, na hulipwa siku ya kusaini mkataba mbele ya wakili. Tulipofika kwenye kiwanja, chenye nyumba ndogo ambayo familia ya muuzaji bado inaihesabu kuwa kwao, alituonyesha vigingi vyote vinne, kimoja akikifukua kwa jembe la kuazima, kisha akasema, "Nendeni wanangu mkaulize majirani, mimi nawasubiri hapa." Akaketi chini ya mkorosho, akaanza kusoma gazeti.

Mama mmoja anayekaanga vitumbua nyumba ya tatu alitueleza, bila hata kuulizwa sana, kwamba mwenye nyumba na mkewe hawajakubaliana kuuza, na kwamba mke yuko Tanga. Tuliporudi na habari hiyo, mzee alinyamaza kitambo, halafu akakiri kuwa hakuwa akijua. Nadhani alifedheheka, maana alitoa daftari na kuandika kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyohitajika. Akasema mazungumzo ya bei yasimame mpaka mke aridhie kwa maandishi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nilipomwomba atufanyie upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuuliza rasmi kumbukumbu zinasema kiwanja ni cha nani, alikataa: nakala ya hati angetupatia, ila ombi tulipeleke wenyewe au wakili wetu, ili majibu yasipitie mikononi mwake.

Mume wangu anaona mzee huyu ni mzito, na kwamba kwa mwendo huu tutajenga tukiwa wastaafu. Huenda hata kiwanja chenyewe tusikipate. Hata hivyo nakala ya hati imo mkobani, Jumatatu nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini, na jioni hii mzee ametuma ujumbe kuwa mke wa muuzaji atapanda basi Alhamisi.