Siku moja na pikipiki ya dizeli, Nyakato: kutoka vali hadi barabara ya Kisesa

Saa 1:00 asubuhi

Tunaunda pikipiki ya dizeli: injini ya Kubota inafungwa kwenye giaboksi ya pikipiki ya petroli. Vali zinapimwa kwanza, kabla jua halijapasha bati la gereji. Nafasi ya vali za Kubota D1105 ni milimita 0.145 hadi 0.185 injini ikiwa baridi kabisa. Ukipima saa sita mchana hapa Nyakato, Mwanza, unapima chuma kilichokwisha kutanuka.

Injini yenyewe imetoka kwenye mtambo wa baridi wa lori la samaki. Malori yanayobeba minofu ya sangara yana injini ndogo ya dizeli juu ya kichwa cha kontena, na mitambo ikichakaa injini mara nyingi bado ni nzima. Kibandiko cha Carrier, waliotengeneza mtambo wa baridi, kinasema CT 3-69, na wengi hupita wakidhani ni injini nyingine. Hiyo 3 ni silinda tatu, 69 ni ujazo kwa inchi za ujazo, yaani sisi (cc) 1,123. Ni D1105 ileile ya jenereta na trekta dogo. Ina kilo 93 ikiwa kavu, na bila turbo (feni ya kusukuma hewa inayozungushwa na moshi) hutoa farasi 24.8 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika.

Kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ilipimwa jana jioni ikiwa ya moto: bar 30, 29, 30. Kiwanda kinataka kama 28 hadi 32, na chini ya 23 injini inafunguliwa. Pima kwa betri iliyojaa, kwa sababu stata isipofikisha mizunguko kama 250 utapata namba ndogo na utavunja injini nzima bure kutafuta ringi ambazo hazijafa.

Leo vali mbili za kutolea moshi zimebana, 0.12. Zimelegezwa hadi 0.17. Kifuniko kimerudi na gasketi mpya, si silikoni.

Saa 2:15

Hapa ndipo pikipiki nyingi za dizeli hufia, tena kabla hazijachomelewa hata bomba moja: hesabu ya gia.

Giaboksi ni ya pikipiki ya petroli ya sisi 650, silinda moja. Sehemu ya silinda na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) imekatwa, tundu likazibwa kwa bamba la aluminiamu lililochomelewa kwa gesi ya agoni. Watu huuliza kama giaboksi ya farasi arobaini itastahimili dizeli. Swali limeulizwa vibaya. Giaboksi haijui farasi, inajua msukumo unaoingia kwenye shafti yake. Injini ya petroli ilikuwa inatoa kama Nm 50 (nyutonimita, kipimo cha msukumo wa kuzungusha), lakini kabla ya kufika kwenye giaboksi ilipitia gia za kati ya krenki na klachi zinazopunguza mwendo kwa 2.27, kwa hiyo kilichoingia ni kama Nm 114. Dizeli yetu yenye turbo tunaitarajia Nm 80. Tukiipunguza kwa 1.5 tu, kinachoingia ni Nm 120. Karibu sawa na zamani.

Na hiyo 1.5 inatibu ugonjwa wa pili. Tairi la nyuma ni 130/80-17, mzunguko wake ni mita 2.01. Kwa kilomita 120 kwa saa linazunguka mara 995 kwa dakika. Dizeli hii hatuipeleki juu ya 3,600, kwa hiyo kati ya krenki na tairi tunataka punguzo la 3.6 hivi kwenye gia ya tano. Spoketi za nyuma zilizokuja na pikipiki ni meno 15 na 43, gia ya tano ni 0.83. Zidisha: 1.5 × 0.83 × 2.87 ni 3.57. Spoketi za kiwandani zinabaki zilivyo. Aliyeacha 2.27 ya zamani atapata pikipiki inayolia kama mashine ya kusaga ikifika kilomita 80.

Halafu mwelekeo. Kwenye injini ya asili krenki ilisukuma klachi kwa gia, meno kwa meno, kwa hiyo klachi ilizunguka kinyume cha krenki. Sisi tunatumia mnyororo, na mnyororo haugeuzi mwelekeo. Klachi lazima izunguke kinyume cha tairi, basi na krenki ya dizeli lazima izunguke kinyume cha tairi. Kubota ukiitazama upande wa flaiwili (gurudumu zito mwishoni mwa krenki) inazunguka kinyume cha saa. Flaiwili ikikaa kulia kwa dereva, mambo yanalingana, na bahati nzuri klachi ya giaboksi hii iko kulia vilevile. Ukiigeuza ikae kushoto utakuwa na gia tano za kurudi nyuma na hata moja ya mbele. Imeshatokea mjini hapa, na siyo mara moja.

Gharama ya mpangilio huu ni kwamba injini inaelemea kushoto, kitovu chake kiko sentimita 8 nje ya mstari wa katikati. Betri ya kilo 11 imewekwa kulia, turbo na ekzosi kulia. Kinachobaki ni sentimita moja na kidogo kwa uzito wote pamoja na dereva. Mikono inazoea.

Saa 4:00

Kijana amerudi kutoka kwa mchongaji na spoketi ya klachi. Mnyororo ni wa nusu inchi, safu mbili, ule wa mashine za viwandani. Meno 22 kwenye flaiwili, 33 kwenye klachi.

Basketi ya klachi, kikombe kinachobeba sahani zake, ina springi ndogo katikati yake na gia yake, na zipo kwa ajili ya kumeza mipigo. Silinda tatu za dizeli zinapiga kila nyuzi 240 za krenki, na kila pigo ni kama nyundo. Anayetoboa basketi na kufunga spoketi moja kwa moja amezitupa springi hizo. Mnyororo utavutika wiki ya kwanza. Tunachofanya: gia ya zamani inakerezwa meno yote yaishe, kiini kinabaki na springi zake, spoketi inavikwa juu ya kiini na kushikwa kwa bolti sita za M6 zenye gundi ya nyuzi.

Rula ndefu ya chuma inalazwa kwenye uso wa spoketi zote mbili. Mwanga unapita chini ya ile ya klachi. Fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, inasema milimita 1.1. Kikomo chetu ni nusu. Kijana anataka kuweka washa (bati la duara la bolti) nyuma ya spoketi, na washa ingeficha kosa bila kuliondoa, kwani tatizo liko kwenye bamba. Injini na giaboksi zimefungwa pamoja kwenye mabamba mawili ya aluminiamu ya milimita 12, ndipo mabamba yakae kwenye raba za fremu. Ni lazima iwe hivyo: silinda tatu hutikisika sana kwenye sailensa (injini ikizunguka polepole bila mpini), na kila kimoja kikiwa na raba zake, umbali kati ya spoketi ungebadilika kila sekunde. Bolti moja ya bamba la kulia ilikuwa imekaa juu ya chembe ya slagi ya kuchomelea. Imekwanguliwa, imekazwa upya, fila sasa inasema 0.3.

Mnyororo umeachiwa mchezo wa milimita 10 katikati.

Kabla ya kufunga kasha: oili ya giaboksi. Pampu ya oili ya injini ya zamani ilikuwa inazungushwa na krenki. Krenki haipo, pampu imekufa, na shafti ya juu haipati kitu. Tumeziba njia za pampu na kupandisha kiwango cha oili hadi katikati ya gia za shafti ya chini, zirushe zenyewe. Giaboksi isiyofanyiwa hivi huenda vizuri kilomita mia kadhaa, kisha beringi inageuka rangi ya samawati. Oili ni 10W-40 ya JASO MA kwa ajili ya klachi. Injini ina yake, 15W-40 ya dizeli, na masizi hayafiki kwenye klachi kamwe.

Saa 5:45

Turbo. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya bahari, na hewa ina mgandamizo wa kama asilimia 13 pungufu ya Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo iliyopimwa pwani, hapa ina hewa pungufu na dizeli ileile, ndiyo maana inatoa moshi. Kwa hiyo sehemu ya kazi ya turbo hapa ni kurudisha tulichonyimwa na mwinuko.

Tunatumia IHI RHB31, ile ndogo ya Suzuki za sisi 660. Kubwa zaidi itachelewa kuamka kwenye mizunguko yetu. Mgandamizo umewekwa bar 0.5 tu. Injini hii haikuzaliwa na turbo, na inabana hewa mara 22 au zaidi kabla hujaiongezea chochote. Anayeweka bar 1.2 ananunua gasketi ya silinda hedi kwa mkopo. Kwa 0.5 na mizunguko 3,600 tunatarajia farasi 35. Enfield ya dizeli ya India, ya sisi 325, ilikuwa na farasi 6.5.

Oili ya kuingia kwenye turbo inatoka kwenye tundu la swichi ya presha, kwa kiungo cha njia tatu ili swichi ibaki. Ya kutoka ndiyo inayosumbua watu. Haisukumwi, inaanguka tu, na imejaa povu. Bomba liwe na kipenyo cha ndani cha milimita 16, literemke moja kwa moja bila tumbo, liingie kwenye karteri (beseni la oili chini ya injini) juu ya kiwango cha oili. Likiingia chini yake, oili inarudi turbini na pikipiki inatoa moshi wa bluu. Fundi atasema turbo ni mbovu na mteja atanunua nyingine, nayo itatoa moshi uleule.

Saa 7:30 mchana

Ugali na sato wa kukaanga. Mama anayeuza anauliza kama lile jenereta limekuja kutengenezwa.

Saa 8:15

Kutoa upepo kwenye njia ya dizeli. Legeza nati ya kwanza kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Kisha kwenye pampu yenyewe. Kisha nati za nozeli, moja moja, stata ikizunguka.

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza ikiwa na turbo, kijana anasimama na kipande cha plaiwudi mbele ya mdomo wa turbo. Dizeli ikipata oili kupitia turbo inaweza kukimbia yenyewe, na hapo kuzima swichi hakusaidii kitu, ni kunyima hewa tu. Ubao, si kiganja cha mkono.

Glo plagi sekunde nane. Stata. Inashika silinda mbili, inatetemeka, ya tatu inaingia baada ya sekunde tano. Presha ya oili imepanda. Tunaiacha sailensa dakika tatu bila kuigusa, turbo ipate oili.

Dakika ya sita, dizeli inalowesha mshono wa bomba la nozeli namba mbili. Tukilikaza zaidi tutapasua koni. Tunalifungua: lilikuwa limekazwa likiwa upande. Limewekwa sawa kwa vidole kwanza, spana baadaye. Kavu.

Rejeta ni ya Suzuki Carry na feni ya umeme. Themostati inaanza kufunguka nyuzi 71, tunasubiri bomba la juu lipate moto. Limepata.

Saa 10:00

Barabara ya Musoma, kutoka Nyakato kupita Igoma hadi Kisesa na kurudi. Karatasi za kubadilisha injini zimeshapita TRA, maana namba ya injini imo kwenye kadi.

Skrubu ya kiasi cha dizeli hairekebishwi gereji. Bila mzigo, injini yoyote inaonekana safi. Kipimo cha joto la moshi kiko kabla ya turbo, na kikomo chetu ni nyuzi 700. Gia ya nne, mpini wote, kwenye mwinuko: 590, moshi hauonekani. Tunasimama pembeni, robo ya nusu mzunguko wa skrubu. 640. Kiasi kilekile tena. 685, na kivuli chepesi cha moshi kwenye kioo wakati wa kubadilisha gia. Basi. Ingeweza kwenda zaidi na ingehisi tamu zaidi, mpaka pistoni iyeyuke ukingo.

Wapo watakaokwambia uwahishe na majira ya kupuliza dizeli kwa kupunguza shimu (vibati vyembamba) chini ya pampu. Shimu ya milimita 0.05 ni nusu nyuzi. Tumeziacha zote. Ukiwa na turbo, kuwahisha kunaongeza kishindo ndani ya silinda kuliko kunavyoongeza nguvu.

Kwenye stendi ya bodaboda Igoma mmoja anauliza, "Kaka, hii pikipiki au trekta?" Anaambiwa apande nyuma. Gia ya tano, mizunguko 2,000, watu wawili, inavuta bila kulalamika. Hapo anakaa kimya.

Klachi imeteleza mara moja, gia ya tano, turbo ikiwa imejaa. Nm 120 dhidi ya 114 ni ndogo kwenye karatasi, lakini mipigo ya dizeli si karatasi. Springi ngumu zaidi zinahitajika.

Saa 12:15 jioni

Oili ya giaboksi inamwagwa ikiwa ya moto. Sumaku ya nati ina unga laini wa kijivu, hakuna chembe. Mchezo wa mnyororo wa ndani umetoka 10 hadi 13, kawaida kwa mnyororo mpya, unarudishwa. Bolti nne za mabamba zimesogea kidogo. Zimekazwa tena na kupigwa mstari wa rangi nyeupe juu ya kichwa na bamba, kesho jicho lione kabla ya spana. Raba ya mbele kushoto imelowa oili. Inatoka kwenye kifuniko cha vali, kona ya nyuma, ambapo gasketi ya asubuhi ilijikunja.