Kidonge cha kalsiamu mahali pake ni mezani

Leo nimekuwa nikiwaza swali lisilokosekana kliniki ya figo: "Vidonge nameza kila siku, mbona fosforasi haishuki?" Fosforasi ni madini ya kwenye chakula ambayo figo zilizochoka hazimudu kuyatoa. Mara nyingi jibu liko kwenye saa ya kumeza, na huwa linaniuma, maana maelezo ya dakika mbili yangetosha.

Kalsiamu kabonati anayoandikiwa mgonjwa wa figo kwa ajili ya fosforasi kazi yake ni kuidaka ndani ya chakula, vishikamane tumboni, vitoke na choo. Basi humezwa na matonge ya kwanza, na kile cha kutafuna kitafunwe hasa. Ukikimeza saa mbili baada ya ugali, fosforasi imeshaingia kwenye damu, na kalsiamu inaifuata huko huko. Kidonge cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe miligramu 500. Figo zilizochoka hazimudu kuitoa ziada hiyo, na viwili hivyo vikizidi pamoja hujijenga kwenye kuta za mishipa na vali za moyo mpaka zikakakamaa. Mlo usipoliwa, kidonge chake kiachwe. Vidonge vya madini ya chuma vimezwe wakati mwingine, kwani kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa.

Kwenye sahani, mtihani ni dagaa. Analiwa mzima, kichwa na mifupa, na mifupani ndimo fosforasi ilimojaa. Kipande cha mnofu wa samaki mkubwa ni nafuu, na protini inabaki. Anayesafishwa damu anaihitaji sana. Yai nalo, fosforasi iko kwenye kiini, ute mweupe karibu hauna. Maharage naona yametishiwa watu kupita kiasi: fosforasi yake imefungwa ndani ya fitati, kiambata cha asili cha mbegu, utumbo hufyonza sehemu tu. (Potasiamu yake ni habari nyingine, chemsha, mwaga maji.) Fosforasi inayotiwa viwandani ndiyo hufyonzwa karibu yote: soda nyeusi za kola, soseji, jibini la kusindika. Kwenye lebo tafuta namba za fosfeti, yaani hiyo fosforasi ya kiwandani: E338 hadi E341, E450 hadi E452. Hata maandazi, ya hamira ni afadhali kuliko ya bekingi pauda, ambayo mara nyingi ina fosfeti.

Mashine ya kusafisha damu haiwezi kufidia yote. Fosforasi nyingi imekaa mifupani na ndani ya seli, hutoka polepole, ndiyo maana kukatisha saa ya mwisho kuna hasara.

Fosforasi ikipanda, na figo zisipoiamsha tena vitamini D, tezi nne ndogo za shingoni humwaga homoni ya PTH, nayo hukopa kalsiamu mifupani. Kalsiamu ya damu yaweza kuonekana nzuri huku mifupa ikiliwa. Kwa hiyo majibu yasomwe pamoja: fosforasi, kalsiamu, PTH na albumini, protini ya damu inayobeba sehemu ya kalsiamu. Albumini ikiwa chini ya gramu 40 kwa lita, kwa makadirio ongeza milimoli 0.02 kwa lita kwenye kalsiamu kwa kila gramu iliyopungua. Mwenye kalsiamu 2.05 na albumini 30 anakaribia 2.25, kiwango cha kawaida. Kumwongezea vidonge kwa sababu ya ile 2.05 ni kumjazia mishipa.