Siku moja maishani mwangu: kuisaka Parkin ndani ya seli

Saa 2 asubuhi. Seli za SH-SY5Y, aina ya seli zinazokuzwa maabara, zimeamka salama kwenye nyuzi 37. Kundi moja ni za kawaida. Jingine limekatwa jeni ya protini iitwayo PINK1. La tatu limekatwa kisha likarudishiwa. La nne limerudishiwa PINK1 butu, isiyoweza kubandika fosfeti. Zote zina protini ya Parkin inayong'aa kijani, maana kingamwili nyingi za Parkin siziamini kwenye picha.

Saa 3. Naweka kemikali ya CCCP, mikromola 10, ikaondoe chaji ya utando wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Mitokondria nzima huivuta PINK1 ndani, ikakatwa na kuteketezwa. Iliyoharibika haiwezi, basi PINK1 hulundikana juu yake, hubandika fosfeti kwenye ubikwitini (protini ndogo ya kutia alama) na kwenye Parkin, na Parkin hukimbilia hapo kuitia alama ya kubomolewa. Anayerithi hitilafu kwenye nakala zote mbili za jeni ya PINK1 au ya Parkin anaweza kupata ugonjwa wa Parkinson angali kijana.

Saa 5. Nasubiri. Mama mdogo katuma sauti kutoka Tanga: "Mwanangu, hizo seli za ubongo mnazitoa kwa nani?"

"Shikamoo mama. Si za ubongo hasa, zinafanana tu na za neva. Asili yake ni saratani ya mtoto wa kike wa miaka 4, zilichukuliwa mwaka 1970."

"Masikini, mtoto wa watu."

Saa 7 mchana. Fomaldehaidi asilimia 4, dakika 15. Kisha kingamwili ya TOM20, protini ya utando wa nje wa mitokondria, ili mitokondria zionekane nyekundu. Kuosha, kusubiri, kuosha tena.

Saa 11 jioni. Chumba cha darubini. Mwenzangu kaficha majina ya vioo, kaacha herufi tu, nisije nikaona ninachotamani. Kwenye A na D kijani imejazana juu ya nyekundu. Kwenye B na C mitokondria zimevunjikavunjika vilevile, kwa hiyo dawa imefanya kazi, ila kijani imetapakaa seli nzima. Anayepima kiasi cha protini peke yake angepitwa na jambo hili. Parkin ipo, tena tele, haijaitwa.

Saa 2 usiku. Nimemaliza kuhesabu, herufi zinafunuliwa. A ni za kawaida, D ni zilizorudishiwa PINK1 nzima. B ni zisizo nayo kabisa, C zenye ile butu. Kwangu C ndiyo picha ya siku: PINK1 kuwepo tu hakutoshi, lazima ibandike fosfeti. Nahifadhi mafaili mara mbili, nakimbilia basi.