Shela jeupe, baibui jeusi

Jumamosi alikuja bibi harusi na shela jeupe pee, kafuatana na bibi yake mzaa mama aliyevaa baibui jeusi tii. Walitaka picha moja tu ya pamoja, ya kutundika sebuleni. Studio yangu hapa Tanga ni chumba cha mita 4 kwa 6, na softiboksi, yaani flashi yenye kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga, nilishaiweka mita 1 kutoka kwa bibi harusi.

Mita ya ndani ya kamera, yaani kipimamwanga chake, haisaidii kwa flashi za studio. Inapima taa za chumba kabla hujabonyeza, ilhali flashi huwaka na kuzimika kufumba na kufumbua. Tena hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye nguo: shela huisukuma kuifanya picha iwe ya kijivu, baibui huisukuma kuunguza nyuso. Mimi natumia mita ya mkononi. Naishika chini ya kidevu, kikombe chake cheupe kikitazama lenzi, nafyatua flashi, nasoma. Hapo napima mwanga unaomwangukia mtu, awe mweusi awe maji ya kunde.

"Mwanangu, hicho kinapima presha?" bibi akauliza.

"Hapana bibi, kinapima mwanga."

Kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata ya sekunde 1/160, bibi harusi alisoma f/8. Hiyo ni namba ya tundu la lenzi: mwanga ukiwa mwingi, namba huwa kubwa na tundu dogo. Bibi, aliyekaa mita 2 kutoka kwenye taa, f/4. Stopu 2 nzima, na kila stopu ni mwanga kupungua nusu! Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo. Ningepiga kwa f/8, uso wake ungezama ndani ya baibui. Zamani nyuso kama hizo nilizing'arisha baadaye kwenye kompyuta, zikatoka na chengachenga na rangi ya majivu. Inaniuma nikizikumbuka, maana wengine wale wazee hawapo tena wa kupigwa upya.

Nikarudisha softiboksi nyuma hadi mita 3 kutoka kwa bibi harusi, ili umbali wao kutoka kwenye taa usipishane sana, nikapandisha nguvu ya flashi kutoka 1/16 hadi 1/2 ya nguvu yake yote. Bibi harusi karibu f/8, bibi f/5.6. Nikamwomba bibi asogee na kiti chake nusu mita kuelekea kwenye taa: f/6.3. Nikaiweka kamera kwenye f/7.1, katikati ya vipimo vyao.

Taa ikiwa mbali kivuli hukaza, na chini ya kidevu cha bibi harusi kimekaza kuliko ninavyopenda. Nimekubali. Nyuzi za shela zinahesabika, na mikunjo ya macho ya bibi ipo yote, kwenye weusi wake uleule. Ameagiza nakala ya pili, ya kwake.